Mtoto Akikamatwa: Ulinganisho wa Njia za Sheria Tanzania Bara na Kenya, na Ipi Mzazi Aitafute Kwanza

Mtoto aliye chini ya miaka 18 anapokamatwa kwa tuhuma za kosa la jinai, iwe Tanzania Bara au Kenya, sheria haimwekei njia moja tu. Anaweza kuondolewa kwenye mkondo wa mashtaka kabla kesi haijaanza. Anaweza kushtakiwa huku akilala nyumbani kwa dhamana. Anaweza kusubiri kesi yake akiwa katika mahabusu ya watoto. Na akionekana ametenda kosa, anaweza kurudishwa kwa wazazi chini ya uangalizi au kupelekwa katika taasisi ya kurekebisha tabia. Kila njia ina masharti yake na ina matokeo yake katika masomo na maisha ya mtoto. Makala haya yanazilinganisha njia hizo nchi kwa nchi, kwa ajili ya mzazi, mlezi, mwalimu au kiongozi wa mtaa ambaye atatakiwa kutoa kauli mbele ya polisi, afisa ustawi wa jamii au hakimu, na ambaye mara nyingi hajui kuwa kauli yake ina uzito mkubwa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa makosa mengi yanayotendwa na watoto, njia inayomwacha mtoto nyumbani na shuleni, chini ya macho ya mtu mzima aliyetajwa kwa jina na anayewajibika, ni bora kuliko njia yoyote ya kumfungia. Sheria za nchi zote mbili zimeegemea upande huo waziwazi. Lakini sheria haijiombi yenyewe: mtu asipofika na nyaraka na mpango unaoeleweka, mtoto hubaki ndani kwa sababu tu hakuna aliyeonyesha mahali pengine pa kumpeleka.

Kwa Tanzania Bara, sheria inayotawala ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, pamoja na kanuni za uendeshaji wa mashauri katika Mahakama za Watoto zilizotolewa mwaka 2016. Kwa Kenya ni Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2001, ikisimama juu ya Katiba ya mwaka 2010. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011 na haimo katika ulinganisho huu. Familia nyingi za Namanga, Taveta, Holili, Sirari na Isebania zina ndugu pande zote mbili za mpaka, na mtoto anayekamatwa upande mmoja hukutana na sheria ya upande huo, hata kama mama yake anaishi mwendo wa dakika chache ng'ambo ya pili. Kwao tofauti nitakazozitaja ni mambo ya kila siku.

Umri, kabla ya jambo lingine lolote

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya nchi hizi iko katika umri ambao mtoto anaanza kuwajibika kwa jinai. Tanzania Bara, kwa mujibu wa kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu, mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kabisa, na aliye kati ya miaka 10 na 12 hawajibiki isipokuwa ithibitishwe kwamba wakati wa kutenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa jambo hilo halikupaswa kufanywa. Kenya ilibaki muda mrefu na umri wa miaka 8, uliorithiwa kutoka enzi za ukoloni, hadi Sheria ya mwaka 2022 ilipoupandisha kuwa miaka 12. Na kwa mtoto aliye kati ya miaka 12 na 14, sheria hiyo inachukulia kwamba hawezi kutofautisha jema na baya mpaka ushahidi uishawishi mahakama vinginevyo.

Maana yake kwa vitendo ni hii. Mtoto wa miaka 11 anayechezea kiberiti na kuteketeza ghala la jirani anaweza kufikishwa Mahakama ya Watoto akiwa Arusha, ingawa mzigo wa kuthibitisha ufahamu wake uko kwa upande wa mashtaka. Mtoto huyohuyo akiwa Kajiado hawezi kushtakiwa, na jambo lake ni la afisa wa watoto, anayepaswa kulitazama kama la mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika maoni yake ya jumla ya mwaka 2019, ilizihimiza nchi zote kuweka umri huo usiwe chini ya miaka 14. Katika hili Kenya imetangulia, na naona Tanzania Bara haina sababu nzuri ya kubaki nyuma. Mzazi wa mtoto wa miaka 10 au 11 upande wa Tanzania asikubali jambo hilo lipite kimya: aombe mahakama ianze na swali la ufahamu wa mtoto kabla ya kusikiliza kilichoibwa au kilichoungua.

Hata hivyo, hatari inayowakuta watoto wengi zaidi iko kwenye mpaka wa juu, ule wa miaka 18. Kituoni, askari anauliza umri na kuandika jibu. Kijana wa miaka 16 mwenye kimo kirefu na sauti nzito, aliyeogopa au aliyeshauriwa vibaya na watu wazima waliomo selini, anajibu kuwa ana 19. Tarakimu hiyo ikishaingia kwenye hati ya mashtaka, inamfuata: anawekwa na watu wazima, anapelekwa mahakama ya kawaida, na ulinzi wote ninaoueleza katika makala haya unampita. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 113, inaitaka mahakama ifanye uchunguzi wa umri pale inapoonekana kuwa aliye mbele yake ni mtoto, na Kenya nayo ina utaratibu wa namna hiyo, lakini hakimu anayesoma mashauri mengi kwa siku moja huenda asishuku chochote kama hakuna anayesimama.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kubeba kwenda kituoni ni uthibitisho wa umri. Cheti cha kuzaliwa ndicho chenye nguvu zaidi. Kisipokuwepo, tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rejista ya shule ya msingi, au mwishowe kiapo cha mzazi. Kadi ya kliniki iliyochakaa, yenye tarehe ya kuzaliwa na tarehe za chanjo zilizoandikwa kwa kalamu na mihuri tofauti miaka mingi kabla ya tuhuma yoyote kuwepo, ina thamani ambayo wazazi wengi hawaijui, kwa kuwa hakuna anayeweza kudai kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya kesi. Kipimo cha daktari, kwa picha ya mifupa ya kiganja au kwa meno, hutoa makadirio tu, na makadirio hayo yanaweza kupishana na umri halisi kwa mwaka mmoja au zaidi. Kwa kijana aliye karibu na miaka 18, tofauti hiyo ndogo inatosha kubadili kila kitu, hivyo nyaraka za utotoni zitangulizwe na kipimo kiwe njia ya mwisho.

Kuchepushwa au kushtakiwa

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 15 anayetuhumiwa kuiba simu dukani. Ni kosa lake la kwanza, simu imepatikana, na mwenye duka anamfahamu.

Akiwa Likoni, upande wa Kenya, sheria ya mwaka 2022 inaweka uchepushaji, yaani kumwondoa mtoto kwenye mkondo wa mashtaka kwa masharti, kama njia rasmi iliyoandikwa. Mwendesha mashtaka, akisaidiana na afisa wa watoto, anaweza kuamua kutoendelea na mashtaka iwapo mtoto amekubali wajibu wake kwa hiari bila kushinikizwa, anaelewa haki yake ya kunyamaza, mzazi au mlezi ameridhia, na upo ushahidi ambao ungetosha kumfungulia kesi. Masharti atakayopewa yanaweza kuwa kuomba radhi, kurudisha au kufidia, kuhudhuria ushauri nasaha, kuhudhuria shule bila kukosa, kuwa chini ya usimamizi wa mtu aliyetajwa, au kufanya kazi ya manufaa kwa jamii inayolingana na umri wake. Akiyatimiza, jambo linaishia hapo wala hakuna uamuzi wa mahakama unaomfuata. Asipoyatimiza, anaweza kurudishwa kwenye mkondo wa mashtaka.

Akiwa Mbagala, upande wa Tanzania, njia hiyo ipo lakini haijachorwa kwa ukamilifu ndani ya Sheria ya Mtoto. Inategemea zaidi busara ya polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, mwendesha mashtaka na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kuanzia mwaka 2012 ulianzishwa mpango wa marekebisho ya tabia unaofanyika ndani ya jamii, Temeke na Mbeya zikiwa maeneo ya mwanzo, ambapo mtoto anaishi kwao huku akihudhuria vikao vya ushauri, akifuatiliwa shuleni na familia yake ikihusishwa. Penye mpango wa namna hiyo, kijana wetu ana mahali pa kupelekwa. Pasipo na mpango, anaweza kuonywa na kuachiwa, au mlalamikaji akaridhia kutoendelea, lakini hakuna anayelazimika kufuatilia kilichomfanya aibe.

Katika kulinganisha utaratibu ulioandikwa, Kenya iko mbele kwa umbali mkubwa, kwa sababu masharti yakiwa kwenye sheria familia inaweza kuyadai, ilhali busara ya ofisa inaombwa tu. Mzazi wa Tanzania ana kazi ya ziada: afike kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, asisubiri aitwe, na aseme kwa maneno yake kuwa anaomba mtoto asishtakiwe bali awekwe chini ya mpango wa marekebisho, akitaja ni nani atamsimamia.

Mambo mawili yanahitaji tahadhari kubwa. La kwanza ni kwamba uchepushaji hausemi lolote juu ya kweli ya tuhuma; unaanza na mtoto kukubali. Mtoto anayesema hakuiba, na anayeendelea kusema hivyo baada ya kulala na kula na kuzungumza na mtu anayemwamini, asishawishiwe akubali ili tu jambo liishe mapema. Kwake yeye mahakama ndiyo njia sahihi, hata kama ni ndefu, na mzazi anayemlazimisha kukiri kwa sababu ya aibu ya mtaani anamfanyia jambo zito ambalo mtoto hatalisahau.

La pili ni kile kinachoitwa kumalizana. Fedha zikipita mkono kwa mkono bila maandishi, bila afisa ustawi wa jamii na bila mtoto mwenyewe kuwepo, huo si uchepushaji. Mlalamikaji anaweza kurudi kesho na madai mapya, na mtoto anajifunza kuwa kosa ni deni la mzazi. Makubaliano yoyote yaandikwe, yasainiwe na pande zote mbele ya afisa, na nakala ibaki kwa mzazi. Na pale ambapo aliyetendewa ni mtoto mwingine, hasa katika makosa ya kingono, familia mbili hazina mamlaka ya kukaa sebuleni na kulifuta jambo, kwa kuwa mtoto aliyeumizwa naye ana haki ambazo wazazi wake hawawezi kuziuza.

Nyumbani kwa dhamana au mahabusu ya watoto

Iwapo mashtaka yataendelea, uamuzi unaofuata ni mahali atakapolala mtoto mpaka kesi iishe. Tanzania Bara, kifungu cha 101 cha Sheria ya Mtoto kinaelekeza mtoto aachiwe kwa dhamana chini ya mzazi au mlezi, isipokuwa kosa liwe la mauaji au zito sana, au ionekane kwamba ni kwa faida yake mwenyewe kutengwa na watu wabaya anaoandamana nao, au kumwachia kungevuruga haki. Kenya, Ibara ya 53 ya Katiba inasema mtoto asizuiliwe isipokuwa kama hatua ya mwisho, tena kwa muda mfupi unaofaa, akitenganishwa na watu wazima na katika mazingira yanayozingatia umri na jinsia yake.

Kwenye karatasi nchi zote mbili zinasema jambo moja. Tofauti iko kwenye jiografia. Mahabusu za watoto Tanzania Bara ni chache na ziko katika miji michache, miongoni mwake Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Tanga na Mbeya. Mtoto anayekamatwa katika mkoa usio na mahabusu ya watoto na kunyimwa dhamana anakuwa katika hatari ya kuwekwa selini au gerezani na watu wazima, au kusafirishwa mbali kiasi kwamba mama yake hawezi kumtembelea. Kenya ina makao mengi zaidi ya watoto wanaosubiri kesi, Nairobi, Likoni, Nakuru, Kisumu na Eldoret yakiwa baadhi, ingawa kaunti za kaskazini zina shida ileile ya umbali. Kwa hiyo kadiri familia inavyokaa mbali na miji hiyo, ndivyo dhamana inavyostahili kupiganiwa zaidi.

Kupigania dhamana kunahitaji mambo ya kawaida kabisa: mdhamini mwenye kitambulisho, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa au ya chifu kwa upande wa Kenya, uthibitisho wa makazi, na barua ya mwalimu mkuu inayoonyesha kuwa mtoto yumo darasani. Kama baba na mama hawawezi kudhamini, shangazi, mjomba au babu anaweza, mradi aonekane kuwa ni mtu ambaye mtoto atamsikiliza. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona familia zikihangaika kutafuta fedha za wakili wakati kilichokuwa kinakosekana ni barua ya ukurasa mmoja.

Zipo hali ambazo mahabusu ya watoto ni chaguo bora kuliko nyumbani, na si vema kuzificha. Mtoto ambaye wananchi wenye hasira wametishia kumpiga, mtoto ambaye mtu mzima aliyekuwa akimtuma kuiba anaishi nyumba ya jirani, au mtoto asiye na mlezi yeyote anayepatikana, anaweza kuwa salama zaidi kwa majuma machache mahali penye mlinzi, chakula na afisa. Hata hapo ombi liwe la muda na liambatane na tarehe ya kulipitia upya.

Ndani ya Mahakama ya Watoto

Kuhusu usikilizaji wenyewe, nchi hizi zimefanana kiasi cha kutonifanya niseme mengi. Mahakama ya Watoto ikifuata sheria yake, mzazi hatakutana na mambo aliyoyaona kwenye mahakama ya kawaida. Chumba kimefungwa kwa watu wasiohusika, waandishi wa habari hawaruhusiwi kuchapisha chochote kinachomtambulisha mtoto, mzazi anakaa karibu na mwanawe, afisa ustawi wa jamii yupo, na hakimu anazungumza kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, bila kumfokea. Mtoto anapoulizwa kama ni kweli au si kweli, anapaswa kuwa ameshaelezwa tuhuma kwa maneno mepesi. Mzazi akiona kuwa kesi inaendeshwa hadharani, pamoja na mashauri ya watu wazima, ana haki ya kusimama kwa adabu na kuuliza kama hiki ni kikao cha Mahakama ya Watoto.

Wakili ni haki ambayo familia nyingi huiona kama anasa. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na Kenya ina yake ya mwaka 2016, iliyounda huduma ya taifa ya msaada huo. Zaidi ya hapo, mahakama ya Kenya inaweza kuamuru mtoto asiye na wakili apatiwe uwakilishi. Pande zote mbili, ombi hilo liwasilishwe siku ya kwanza.

Kesi mbili hutoka nje ya utaratibu huu. Shtaka la mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu katika nchi zote mbili, na mtoto anayeshtakiwa pamoja na mtu mzima anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya kawaida. Katika hali ya pili wakili aombe mtoto atenganishwe, kwa sababu mtu mzima mwenye kesi hiyo mara nyingi ana sababu zote za kumtwika mtoto lawama. Adhabu ya kifo haitolewi kwa mtoto popote kati ya nchi hizi, lakini kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaweka badala yake kizuizi kwa muda atakaoridhia Rais, yaani kifungo kisicho na mwisho unaojulikana. Kenya ilikuwa na kanuni kama hiyo, na mwaka 2017 Mahakama Kuu yake ikaamua kuwa kuitumia kwa watoto kunapingana na Katiba. Naona uamuzi huo ni wa haki: kijana wa miaka 17 anayeambiwa kuwa hakuna tarehe ya kutoka hana sababu ya kujifunza chochote akiwa ndani.

Amri za mwisho: uangalizi au taasisi

Hapa ndipo wazazi wengi hupotoka, kwa sababu baadhi yao, wakiwa wamechoka na mtoto msumbufu, humwambia hakimu amchukue. Kabla ya kusema hivyo, inafaa kujua anachukuliwa kwenda wapi.

Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani, na sheria ya Kenya inasema vivyo hivyo. Kinachobaki kwa Tanzania Bara ni kuachiwa kwa masharti ya mwenendo mwema, kuwekwa chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, kurejeshwa kwao kama alikuwa ametoka mkoa mwingine, faini au fidia ambayo mzazi anaweza kuamriwa kuilipa, na mwisho kabisa kupelekwa shule ya maadilisho, yaani taasisi ya kurekebisha tabia. Shule ambayo Tanzania Bara imekuwa ikiitegemea kwa kazi hiyo ni moja, Irambo, mkoani Mbeya. Mtoto wa Mtwara, Mwanza au Kagera akipelekwa huko, ziara ya mzazi inakuwa safari ya kuvuka nchi, na familia ya kipato cha chini itaikosa. Baada ya kutengana kwa muda mrefu, mtoto anarudi kwa watu ambao hawajui amejifunza nini wala amekuwa nani.

Kenya ina ngazi nyingi zaidi. Kuna uangalizi wa afisa wa probesheni. Kuna shule za urekebishaji, zikiwemo Kabete, Wamumu, Othaya, Kericho, Kakamega na Likoni kwa wavulana, na Kirigiti na Dagoretti kwa wasichana. Kuna taasisi za Borstal, yaani za kuwazuilia vijana huku wakifundishwa stadi, za Shimo la Tewa na Shikusa kwa wavulana, na Kamae kwa wasichana, kwa walio kati ya miaka 15 na 18. Na kipo kituo cha mafunzo ya kurekebisha vijana cha Kamiti, kwa amri ya miezi 4. Wingi huu una faida kubwa: mtoto wa pwani anaweza kubaki Likoni, mwenye umri mdogo hachanganywi na mkubwa, na msichana ana mahali pake.

Lakini wingi wa taasisi unaleta kishawishi cha kuzitumia. Amri ya Borstal ni ya miaka 3, na kijana wa miaka 16 aliyeiba kitu ambacho mtu mzima angepewa kifungo cha miezi kadhaa au faini anaweza kujikuta anatumikia muda mrefu kuliko mtu mzima, kwa maelezo kwamba anasaidiwa. Mzazi wa Kenya anayesikia Borstal ikitajwa amwombe wakili alinganishe wazi mbele ya mahakama uzito wa kosa na urefu wa amri. Kwa vijana wanaohitaji stadi, mafunzo ya ufundi yanayotolewa humo ni ya kweli, na wapo walionufaika nayo, ila ufundi wa useremala au ushonaji unaweza kupatikana pia katika chuo cha ufundi kilicho karibu na nyumbani, bila jina la Borstal kumfuata kijana anapoomba kazi.

Uangalizi nao una udhaifu wake, na usidharauliwe. Afisa mmoja anaweza kuwa na eneo kubwa, usafiri usiwepo, na mtoto akaonwa mara moja kwa miezi kadhaa. Uangalizi wa namna hiyo ni karatasi tupu. Ndiyo sababu naweka uzito mkubwa kwa msimamizi wa pili kutoka ndani ya jamii, awe mwalimu, fundi mwenye karakana, shehe wa msikiti au kiongozi wa kanisa, atakayekubali kwa maandishi kumwona mtoto kila juma na kumpigia simu afisa mambo yakiharibika.

Namna ya kuchagua

Kwa kosa la kwanza lisilo na majeruhi, ambalo mtoto analikubali, omba uchepushaji, na upande wa Kenya taja kuwa sheria ya mwaka 2022 inauruhusu. Kwa tuhuma anayoikana, chagua Mahakama ya Watoto na dhamana, na nguvu zote ziende kwenye uthibitisho wa umri, wadhamini na wakili. Kwa kosa lililothibitika ambalo si la ukatili mkubwa, omba masharti au uangalizi, hata kama mtoto amewahi kuonywa. Taasisi ibaki kwa mtoto ambaye nyumbani kwenyewe ndiko kunakomwangamiza na hakuna ndugu mwingine anayefaa, au ambaye kosa lake limewaumiza watu vibaya na bado ni hatari kwao. Katika hali hiyo, tofauti ya nchi inabadili ushauri wangu: Kenya, omba shule ya urekebishaji iliyo karibu na familia kabla ya Borstal; Tanzania Bara, kwa kuwa Irambo iko mbali na wengi, tafuta kwanza ndugu katika mkoa mwingine anayeweza kumpokea mtoto chini ya uangalizi.

Kwa familia yenye makazi pande zote mbili za mpaka, mtoto aliyekamatwa ng'ambo atahitaji mlezi anayekubalika upande aliko, na ndugu mwenye anwani Taveta atamsaidia zaidi mbele ya hakimu wa Kenya kuliko baba aliyeko Moshi, ingawa baba naye afike.

Maombi yote haya yanapita kwenye hati moja ambayo haimo mikononi mwa wakili: taarifa ya uchunguzi wa kijamii inayoandikwa na afisa ustawi wa jamii kwa Tanzania, au na afisa wa watoto au wa probesheni kwa Kenya. Hakimu huitegemea sana anapochagua amri. Afisa atakuja kuuliza mtoto analala wapi, anakula na nani, ameacha shule lini na kwa nini, nani anamwogopa na nani anampenda. Mzazi amjibu kwa ukweli, pamoja na yale yanayomwaibisha, kisha ampe mpango ulioandikwa: msimamizi ni nani na namba yake ya simu ni ipi, mtoto atarudi darasa gani na mwalimu mkuu amekubali kwa barua gani, fidia italipwa kwa awamu zipi, na vikao vya ushauri vitafanyika wapi. Mpango huo umfikie afisa kabla hajakamilisha taarifa yake, kwa sababu kinachofika baada ya amri kutolewa kitahitaji rufaa au maombi mapya, na wakati huo mtoto atakuwa ameshasafirishwa.